Bi Mardhiya binti Dadi, 1908–1974, na Kombe Lake la Mwisho

Marehemu Bi Mardhiya binti Dadi alizaliwa Bagamoyo, mwezi wa Rajabu, mwaka 1908. Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi, akamtangulia kaka yake, na kaka huyo alinuna mpaka anakufa.

Mwaka 1926 aliolewa na marehemu Kitwana bin Haji, muuza mbata, wakajaaliwa binti mmoja, Zaina. Kwa miaka arobaini alifundisha chuo cha Kurani barazani kwake. Wagonjwa nao walimjia awaandikie kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani, zikakoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Aliyekuja na sahani chafu alirudishwa nayo, awe nani.

Mwaka 1972 alianza kuharisha damu. Daktari mmoja Dar es Salaam alimkuta na vidonda vya utumbo mpana, akampa vidonge vya kuvituliza.

"Vidonge hivi vinaupunguzia mwili nguvu ya kupambana na maradhi," alimwambia Zaina, "na mama ni mtu mzima. Mtoto mwenye surua au tetekuwanga asimkaribie kabisa."

Damu ikakoma. Zaina akawa anafunga mlango, na sisi jamaa tukapata la kusema: Zaina anaringa, Zaina kamficha mama.

Jumapili, tarehe 19 Mei 1974, shemeji wa marehemu, Mwinyijuma, ambaye udaktari wake wote ni kuponda mwarobaini, alimleta mjukuu wake Sihaba, kajaa tetekuwanga.

"Haya maradhi ya watoto!" alifoka. "Lini umeona kikongwe kayapata?"

Hakuuliza kama marehemu aliwahi kuyaugua. Hakuwahi. Zaina alisimama mlangoni, akavutwa kando, mtoto akapita.

Marehemu aliandika kombe, akamsomea na kumpulizia.

"Ningemrudisha mtoto mgonjwa, mwanangu, ningesemwaje?" alimwambia Zaina.

Tarehe 3 Juni malengelenge yalimtoka mwili mzima, kisha maradhi yakashuka mapafuni. Mwinyijuma, bila haya, akasema ni hasadi. Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 14 Juni.

Ameacha binti, wajukuu wanne, Sihaba ambaye amepona na anaruka kamba, na ukoo mzima wa wajuaji, akiwemo mpwa wake Mwishehe, msomaji wa wasifu huu, ambaye ndiye aliyemvuta Zaina mlangoni.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na apumzike mbali na sisi.