Jicho la Chungwa

Benchi la nje ya kibanda cha fundi saa lina miguu mitatu yake mwenyewe na wa nne wa tofali, na wanaolikalia asubuhi ni walewale. Mwenye kibanda huitwa Dakika Tano, kwa kuwa ndiyo ahadi anayompa kila mteja, hata yule wa mwaka jana. Breki ni dereva mstaafu wa lori, aliyeweza kusimamisha kila kitu isipokuwa ulimi wake. Mhadhiri hajapata kufundisha popote, wala hilo halijamzuia. Kahawa huuzwa na Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yao. Asubuhi hiyo mpira haukutajwa. Juu ya kaunta, ndani ya bakuli la kioo, alikuwamo samaki wa dhahabu aitwaye Chungwa, jicho la kushoto limefanya ukungu kama saa iliyoingia maji. Chungwa ni wa mjukuu wa Dakika Tano. Mtoto huyo alikwenda kumsalimia mama yake mdogo, akamwachia babu amana, na jioni ya siku hiyo alikuwa anarudi.

— Nilimwekea gurudumu la saa ya ukutani, lile la meno, apate kitu cha kutazama, alisema Dakika Tano. Akawa analizunguka, mara akajichoma. Mtoto hatanipigia kelele. Atanitazama tu.

— Umempa nini? aliuliza Mhadhiri.

— Maji yaliyolala ndooni hadi dawa ya bomba ikatoka. Na chumvi, chembe tu.

— Chumvi! Breki alishika jicho lake mwenyewe. Nani kakufundisha ukatili huo?

— Muuza samaki.

— Wa kufuga au wa kukaanga?

— Breki, kunywa kahawa.

— Tatizo ni usingizi, alisema Mhadhiri. Wahenga walinena, macho hayana pazia. Walimsema samaki. Hana kope, hafumbi, basi jicho litapumzika saa ngapi? Funika bakuli kwa shuka jeusi.

— Mpaka lini?

— Mpaka apone.

— Na gizani humo atajuaje kwamba kapona?

Mhadhiri alipuliza kahawa yake, ingawa ilikwisha kupoa.

— Mtafutie mwenzake, alisema Breki. Lori likiungua taa, hufuata lenye taa.

— Hatari, alisema Mhadhiri. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

— Yuko peke yake, bwana!

— Ndiyo maana hajaoza.

— Basi miwani. Breki alisimama, benchi likayumba, Mhadhiri akashika kikombe. Humo ndani mmejaa vioo vya saa. Mchongee kimoja, chembamba.

— Atakitundika wapi, na masikio hana?

— Ana mapezi!

Shangazi alicheka hadi akamimina kahawa nje ya kikombe. Dakika Tano hakucheka. Alijikuta akikadiria upana wa kichwa cha Chungwa, akaona haya.

Hapo akafika mama mmoja, mkoba begani, akawaamkia.

— Shikamooni. Fundi, nimekuja kwa ile saa yangu ya ukutani. Uliniambia nirudi baada ya dakika tano.

— Marahaba, mwanangu. Imebaki kidogo. Kuna kifaa kimoja hakionekani.

Mama aliinama kumtazama samaki. Chungwa alipita, akagusa meno ya shaba, akashtuka, akarudi kulekule.

— Maskini. Kaumia jicho?

— Tumo katika kumtibu, alisema Mhadhiri.

— Sasa hilo gurudumu bado limo humo la nini?

Breki alitazama tofali. Mhadhiri alikitazama kikombe. Shangazi alifunga kifuniko cha birika polepole.

Dakika Tano alikunja mkono wa shati, akachukua kibano kirefu, akalitoa gurudumu kwa utulivu ule anaoshikia mikufu na springi nyembamba za saa. Aliliinua kwenye mwanga. Alilijua. Mama naye alielewa: ndicho kile kifaa kisichoonekana.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Breki, na kwa mara ya kwanza methali ilikaa mahali pake.

Dakika Tano alidondosha punje ya chakula. Chungwa alizunguka bakuli tupu mara moja, akitanguliza jicho zima, kisha akapanda akaidaka.

— Kwa hiyo saa yangu nirudi lini, fundi?

Mzee alikuwa keshaanza kulifuta gurudumu kwa kitambaa.

— Usiondoke, mwanangu. Kaa hapahapa.

Breki akamsogezea nafasi, upande usio na tofali.