Shamba Lililooza Kuliko Yote

Ndugu zangu wa kikundi, mniwie radhi nikisoma. Nikisimama mbele za watu maneno hunikimbia, ndiyo maana nimeandika. Na ndiyo maana mtu mmoja wa ukoo wetu, simtaji, alizoea kuniita Bubu.

Baba alipofariki, mtu huyo alichukua shamba zuri, mimi na mama akatuachia la bondeni, ukungu unakolala hadi mchana. Mvua nazo zilikuwa zimebadilika. Zilikuja wakati wa kuvuna, zikakataa kuondoka. Viazi vyangu viliungua majani, vikaozea chini, msimu baada ya msimu. Nikawa kibarua wa kuchuma chai ya wengine.

Kisha hapa Lupepo wakaja watafiti wa kilimo. Nawaambieni, hawakuuliza shamba zuri. Waliuliza, "Lipi linaoza kuliko yote?"

Yule mtu akawahi kujibu, anacheka. "Nendeni kwa Bubu!"

Wakapanda aina nyingi za viazi, kila mstari na namba yake, wakakataza kupiga dawa, waone upi utaushinda ugonjwa. Mistari ilipoanza kuoza, yule mtu akaja na vijana. "Huyu anatufugia ugonjwa. Tunang'oa!"

Mama akaketi katikati ya shamba, jembe mapajani. "Anza na mimi, shemeji."

Hakuna aliyeanza.

Nilipalilia kwa hasira. Sikuomba mavuno, ndugu zangu, niliomba aone. Mvua ikazidi. Shamba lake zuri likawa jeusi, harufu ikafika barabarani. Kwangu ulibaki mstari mmoja wa kijani. Watafiti wakaupanda tena msimu uliofuata, ukasimama tena.

Siku ya kuonja, dada mtafiti akasema kiazi kile kina namba tu, mwenye shamba akipe jina. Watu wote wakanigeukia. Na yule mtu alikuwepo. Sauti ikatoka yenyewe: "Kiitwe Bubu."

Juzi alikuja nyumbani na gunia tupu.

"Unataka mbegu gani, baba mdogo?"

"Ile mpya."

"Ipi?"

Akatazama miguu yake. "Bubu."

"Sijasikia."

Akarudia kwa sauti. Nikampimia, nikajaza vizuri.

Mama, dada mtafiti, nanyi mliokuja kuonja, ndaga fijo, asanteni sana. Mvua waliyoizoea baba zetu haipo tena, na mbegu zao hii haziiwezi. Watafiti wakija, msiwapeleke kwenye shamba la kujivunia. Wapelekeni kwenye lile linalowaliza.

Kuhusu kusamehe, niombeeni, sijafika. Msimu ujao atarudi kuongeza mbegu, nami nitamwuliza tena anataka ipi.