Kelesitse Gaolathe, Diwani wa Wote wa Morokeng

Wazee wetu, majirani, na nyote mliokesha nasi, mimi ni Mothusi, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu.

Kelesitse alizaliwa tarehe 4 Juni 1951 hapa Morokeng, wilaya ya Ghanzi, akasoma shule ya msingi hapa hapa, dawati moja na watoto wa Kinaro waliomfundisha lugha yao, kisha akasomea ualimu Francistown, akafundisha hadi 1994, mlipomchagua kuwa diwani. Tarehe 12 Agosti 1974 aliolewa na Oarabile Gaolathe, mfugaji, wakajaliwa watoto watatu, Tshenolo, Boikanyo na Lesego.

Machi 1998 tuliitwa kwenye kgotla, baraza la kijiji, wafugaji wakitaka kuzungushia uzio malisho ya mashariki, ambako Wanaro huchimba mizizi ya dawa ya kuuza. Mkutano uliendeshwa kwa Kitswana kitupu, na mwenyekiti alipokaribia kutangaza kuwa wote wamekubali, dada akasimama, akasema, "Hawa waliokaa nyuma hawajaambiwa wanakubali nini."

Shemeji Oarabile, mwenye ng'ombe wengi kuliko sote, akamkemea, "Mama Tshenolo, keti, unanivua nguo mbele za watu!"

"Baba Tshenolo, nyumbani mimi ni mkeo. Hapa mimi ni diwani wa wote."

Akawatafsiria Wanaro kila neno, nao wakaeleza kwamba wanapochimba huuacha mzizi mama ardhini ili uchipue tena, lakini uzio utawafungia nje, na baada ya mabishano ya kutwa nzima kura zikapigwa, uzio ukashindwa. Shemeji, umeniruhusu niliseme hili: ulihamia zizini majira yote ya baridi, na alipogombea tena Oktoba 1999 ulimwambia waziwazi, "Kura yangu hukuipata." Alishindwa, akalia, nilimwona, kisha akakupakulia chakula.

Mwaka 2003 alianzisha na Wanaro ushirika wa wachimbaji, ambao umesomesha watoto wengi hapa, na shemeji mwenyewe ndiye aliyekuwa akipeleka magunia ya mizizi sokoni kwa gari lake.

Alianza kuugua figo mwaka 2017. Jumapili, tarehe 15 Septemba 2019, akiwa amelazwa, ushirika ulifanya uchaguzi, na Cgase, binti wa Kinaro, akamshinda katika uenyekiti alioushika tangu mwanzo. Nilimpelekea habari hiyo kwa woga, naye akauliza, "Kwa kura nyingi?" Nikamwambia, nyingi sana. Akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama, kisha dada akasema, "Vizuri. Hawakunionea huruma." Alifariki Alhamisi, tarehe 19, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu aliofundisha nao, majirani waliopika na kuchota maji, na wanaushirika waliomchimbia kaburi.

Dada, kazi umeiacha kwa wenyewe. Lala, upumzike kwa amani.