Jina Ambalo Mwalimu Walubengo Hakulitaja

Ndugu mwalimu, nakusihi, ukishasoma karatasi hii usimwonyeshe mtu mwingine hadi Jumatatu saa nne asubuhi. Nimeitia ndani ya programu za sherehe ya leo, zile za walimu peke yao.

Mwalimu Nicanor Walubengo anastaafu leo, Jumamosi tarehe 18 Desemba 1954, baada ya kufundisha hapa Eldoret miaka thelathini na mmoja. Wasifu uliochapwa kwenye programu niliuandika mimi, karani wa ofisi. Ni wa kweli, lakini nimeuacha nusu, nami naona aibu.

Alikuja kutoka Kimilili mwaka 1923 kufundisha watoto wa vibarua wa mashamba ya Wazungu, na baadaye akawa mkuu wa mafunzo ya walimu shuleni kwetu. Hayo yamechapwa. Ambalo halikuchapwa ni darasa lake la viziwi, aliloanzisha mwaka 1938 katika stoo ya mahindi, akiwa na watoto watatu na unyoya mmoja wa kuku. Mtoto aliushika mbele ya midomo: akisema "pa" unyoya unaruka, akisema "ma" unatulia. Hivyo ndivyo alivyojifunza kutamka asichokisikia.

Waliosomea ualimu aliwaziba masikio kwa pamba siku nzima, wajue kiziwi anavyoishi. Wengi wenu mnamkumbuka Kituyi, mmoja wao, akilalamika kwenye foleni ya chakula: "Mwalimu, leo hata ugali siusikii!"

"Kwani ugali hupiga kelele, Kituyi? Nitazame mdomo."

"Eeh?" akajibu Kituyi, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mwezi wa Oktoba kamati ya shule ilikaa kuzungumzia kulifunga darasa hilo. Mimi niliandika kumbukumbu. Mkaguzi aliuliza, "Miaka kumi na sita, Walubengo. Kuna hata mmoja aliyepata kazi ya maana?"

Mwalimu alinitazama mara moja, akageuza macho. "Yuko, Bwana. Lakini jina lake si langu kulitaja."

"Basi hakuna."

Nikaandika: Hakuna.

Jina hilo ni langu. Homa iliniziba masikio nikiwa na miaka sita, na Mwalimu ndiye aliyenichukua kwetu Turbo kwa baiskeli yake, akanileta darasani kwake. Ofisini ninasoma midomo ya wakubwa bila wao kujua kwamba sisikii, na wenye masharubu hunitoa jasho. Niliogopa kufukuzwa, nikamwacha mzee aonekane mwongo mbele yangu. Kesho yake alinisalimu vilevile, uso kwa uso, polepole.

Jumatatu saa nne kamati itaamua. Darasa likifungwa, watoto kumi na mmoja watarudishwa nyumbani, akiwemo Jelagat mdogo, aliyemwita mama yake kwa mara ya kwanza wiki iliyopita. Nitasimama niseme mimi ni nani kabla kumbukumbu zile hazijasomwa. Lakini naogopa kusimama peke yangu.

Mwalimu Walubengo, ahsante kwa kila neno linalotoka kinywani mwangu. Nisamehe lile moja nililoliandika. Nenda salama Kimilili, upumzike, na Mungu akupe miaka mingi ya kukaa na wajukuu.

Nawe ndugu mwalimu unayesoma, ukitaka kuingia nami kwenye kamati, Jumatatu nitakuwa ofisini tangu saa mbili, meza ya dirishani. Usiniite kutoka mlangoni. Gonga meza mara mbili, mkono wangu utahisi. Kisha simama penye mwanga, useme.