Kitabu Ambacho Sikukiuza

Mwenyekiti ameniomba niongee kidogo, na nimeona wengine wenu mmevuta mikoba karibu mliposikia ati ni mambo ya pesa za mtandao. Tulieni, sina kitu cha kuwauzia. Na sitataja jina la mtu, maana wengine wao tuko nao hapa hapa Ruiru na chai bado hatujanywa.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mimi nilianguka. Kiwanda cha nguo kule Thika kilipunguza watu na mimi nikapunguzwa. Nikarudi Theta kwa mama, mtu mzima na ndevu zangu, kumkatia mbuzi wake majani. Nikiona mtu tuliyefanya kazi naye, nageukia upande wa pili wa barabara. Niliona aibu mpaka nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa mama aliyekuwa akinilisha.

Nilikuwa na rafiki Juja, fundi wa kompyuta. Ndiye aliyeniambia kuna duka la vitabu Marekani ambalo watu hawaingii kwa miguu, linauza kwa mtandao tu. Wewe unatengeneza ukurasa wako, unaandika habari za kitu unachokijua, unataja vitabu vizuri. Mtu akipitia kwako akanunua, duka linakukatia kitu kidogo. Nilimwangalia nikajiuliza huyu anataka nini kwangu. Nikamuuliza, na hao wazungu nani anawahesabia? Wakiuza kumi na waniambie ni viwili, nitajuaje? Akasema, hutajua. Hapo ndipo nilianza kumwamini, kwa sababu tapeli angekuwa na jibu tamu.

Kitu nilichokijua ni mbuzi wa maziwa, basi. Saiba ya Thika, pale pa kukodi kompyuta yenye mtandao, ilikuwa inalipisha kwa dakika, kwa hivyo nilikuwa naandika kila kitu kwa karatasi nyumbani, halafu naenda kupiga chapa haraka haraka. Namna ya kufuga kwenye ploti ndogo, namna ya kumkama mbuzi mkorofi. Chini yake naweka vitabu vya lile duka. Nilikaa muda mrefu bila kuona kitu, nikasema si nilijua. Halafu siku moja posta nikapata cheki ya dola. Benki waliikalia wiki nyingi, karani akiigeuza huku na huku akiniangalia viatu. Mwishowe ikalipwa, na zingine zikafuata.

Sasa nikataka kuoa. Msichana alikuwa wa Murera, fundi wa kushona nguo, mtu wa maneno machache. Tukaenda kwao na wazee wangu, tukiwa na mbuzi wa kwanza wa mahari kwenye pikapu. Baba yake akauliza kijana anafanya kazi gani. Mjomba wangu akasema anauza vitabu. Duka liko wapi? Marekani. Anaenda huko mara ngapi? Haendi. Hivyo vitabu anaviweka wapi? Hana vitabu. Mjomba akanigeukia, na nikaona hata yeye ameanza kuniogopa.

Nikafikiri nitawasaidia waelewe. Nikasema, wazee, mimi ni kama broker wa ploti. Ploti si yangu, mnunuzi si wangu, mimi nawaonyesha njia tu na napata changu.

Mnacheka kwa sababu mnaijua Murera. Kumbe huyu mzee alikuwa ameuziwa ploti na broker, akaenda kuweka ua akapata watu wengine wawili wako huko na stakabadhi zao. Alisema tu kwamba nyumbani kwake hawali mbuzi ambaye hawajui ametoka wapi. Mbuzi wetu walirudi Theta wakiwa hai, na wote hapa mnajua kijiji kinasema nini kikiona mbuzi wa mahari wamerudi wakiwa hai.

Na miaka ile, si mnakumbuka, kila mahali kulikuwa na habari za watu wanaoabudu shetani. Ukiwa na pesa na huna duka wala shamba, majirani wanaanza kuhesabu watoto wao. Kuna mama mmoja aliacha kununua maziwa kwetu. Nililia, sitawaficha. Nilikuwa nampenda yule msichana, na nilikuwa nampoteza kwa kazi ya halali.

Baada ya muda mzee akaniita peke yangu. Alikuwa anawapa mbuzi wake chumvi na hakuacha.

"Mtoto wangu yuko huko Marekani," akasema. "Jumapili nikitoka kanisani nitampigia simu. Nitamwambia anunue kitabu kimoja, apitie kwako. Sitakuambia ni kipi. Wewe utakuja uniambie mbele ya wazee."

Nilifurahi sana, kwa sababu duka lilikuwa linanitumia ripoti ya kila kitabu kilichouzwa na siku kilipouzwa. Jina la mnunuzi hawasemi, lakini la kitabu wanasema. Siku ya wazee ilipokaribia nikaenda saiba na rafiki yangu. Tukapata kitabu kimoja tu, cha kuzalisha mbuzi.

"Si ndio hiyo, buda," rafiki yangu akasema. "Mzee anafuga mbuzi. Ulidhani atanunua ya kufuga simba?"

"Imeuzwa Alhamisi. Yeye alikuwa apige simu Jumapili iliyofuata."

"Na nani atamwambia habari ya Alhamisi?"

Hakuna mtu angemwambia. Ningetaja kile kitabu, nioe. Nilitoka pale nikishuku kila mtu: duka kwamba wamenikata, kijana wa Marekani kwamba ameniruka akaenda dukani moja kwa moja, mzee kwamba ananichezea. Njia yote ya kwenda Murera nilikuwa nakariri jina la kile kitabu. Nilitaka kulisema. Lakini nikaona nikianza kwa huyu mzee na uongo, nitakuwa nauchunga maisha yangu yote.

Wazee walikuwa wamekaa. Nikasema, "Mzee, sikuona kitabu chako. Kiko kimoja cha mbuzi, lakini kiliuzwa kabla ya ile Jumapili. Si chako."

Mmoja akachukua kofia yake, akajua mambo yameisha. Mimi pia nilijua. Mzee akanywa uji wake mpaka chini, akapangusa mdomo.

"Sikupiga simu," akasema. "Nilikuwa nangoja uniletee kitabu. Ungeleta chochote, ungeondoka nacho."

Ndugu zangu, nilikaa chini bila kukaribishwa. Mbuzi walienda tena, na safari hii hawakurudi. Mzee biashara yenyewe haielewi mpaka leo, na bado ananiuliza maswali, na mimi namjibu. Namshukuru yeye. Namshukuru yule fundi wa Juja ingawa ushauri wake wa mwisho ulikuwa mbaya, na mama yangu, na mjomba aliyekubali kurudi Murera mara ya pili akiwa bado ananiogopa.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikuuliza pesa zako zinatoka wapi, usikasirike, ana haki. Na ukiletewa biashara usiyoielewa, hata kama ni mimi nimeileta, uliza mpaka aliyeileta achoke. Akifika mahali aseme hapa sijui, mpe kiti. Asipofika hapo, msindikize mpaka kwa geti.

Wa mwisho kumshukuru ni mke wangu. Ameinama pale kwa sababu anajua ninachotaka kusema. Tulikuwa tumeshaoana ndipo nikagundua kwamba Jumapili ile yeye ndiye alitoka kanisani na baba yake, wakaipita simu ya posta, na mzee hata hakupunguza mwendo. Alijua tangu siku ile kwamba hakuna kitabu. Nikamuuliza mbona hukunitumia hata neno moja, uliona ninavyoumia. Alikuwa anashona, hakuinua kichwa.

"Hata mimi nilikuwa nataka kujua," akasema.