Wanasaikolojia Wameenda Baharini

Benchi letu liko nje ya duka langu la vitasa na funguo, hapa mtaani Villa Crespo, kwenye kona ambayo jua huipiga mpaka saa sita ndipo ipate kivuli. Februari ndio mwezi wetu mbaya kuliko yote. Si kwa sababu ya joto. Joto tumelizoea, tena katikati yake tunanyonya mate, ile chai chungu ya Argentina ya kibuyu na mrija, ikiwa ya moto, kama watu wasio na akili. Ubaya ni kwamba wanasaikolojia wote wa Buenos Aires hufunga ofisi siku moja, kana kwamba wamepigiwa filimbi, wakaenda zao likizo baharini hadi Machi na kutuachia mji mzima wa wagonjwa. Kwa mwezi huo benchi ndiyo kliniki yetu. Nusu Shahada ndiye mganga mkuu: mama wa miaka sitini na kitu, alisoma saikolojia chuo kikuu miaka miwili, akakimbia alipoonyeshwa hesabu za takwimu, na tangu hapo anatutibu bila kuombwa. Wa pili ni Kobe, mstaafu aliyekuwa akitengeneza meno bandia, ambaye huanza sentensi leo akaimaliza kesho. Wa tatu ni Beto, miaka sitini na tisa, na siku ile zamu ya kuumwa ilikuwa yake.

Alikuja mbiombio, shati limelowa, akachagua kitasa kizito kuliko vyote nilivyo navyo dukani, akakiweka benchini na boksi lake.

Beto: Fundi, saa saba uje unifungie hiki. Isipite saa nane. Saa nane Leandro anatoka kazini.

Mimi: Na Leandro ataingiaje?

Beto: Haingii. Ndiyo kazi ya kitasa.

Leandro ni mwanawe, ana miaka arobaini na moja, fundi wa lifti. Mwezi wa saba ndoa ilimshinda, akarudi nyumbani na begi moja na mmea mmoja kwenye kopo, akahamia kwenye sofa. Na nyumba yenyewe, mtanisamehe kwa kusema, si ya Beto. Ni ya mama yake, Doña Pierina, bibi wa miaka tisini na mbili. Beto hajawahi kuhama pale tangu azaliwe. Alioa, mke akahamia. Mke akachoka, akahama. Beto akabaki.

Nusu Shahada: Haya, kaa chini, vuta pumzi. Saikolojisti wako anasemaje?

Beto: Yuko baharini.

Nusu Shahada: Si umpigie?

Beto: Nimepiga. Simu inajibu yenyewe, eti anarudi tarehe tatu Machi, na kama hali ni mbaya niende hospitali. Kwani mimi nina jipu?

Kobe: Uko naye... mwaka wa ngapi huu?

Beto: Wa ishirini na mbili. Tunayapitia maisha yangu toka mwanzo, hatua kwa hatua. Desemba tulikuwa tumefika darasa la pili.

Kobe: Mnakwenda kasi.

Nusu Shahada akamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, akanyonya mwenyewe ile ya kwanza, chungu, kama ilivyo ada, akajaza tena, akampa Kobe.

Beto: Isitoshe, hili halihitaji saikolojisti. Mtoto ni mtoto mpaka miaka kumi na minane. Baada ya hapo ni mgeni. Mwanaume mzima na mvi zake hakai kwa mama...

Akakatika hapo. Sisi wengine tukaangalia barabara. Kijiwe nacho kina adabu zake.

Kobe: Malizia.

Beto: Hakai kwa baba yake.

Kobe: Aaa. Kwa baba yake.

Nusu Shahada: Nyie mnaanzia miaka kumi na minane, wakati mambo yote yalishakwisha kwenye miezi kumi na minane! Mtoto mchanga akilia akabebwa, anajua duniani kuna mtu. Akilia asibebwe, atamtafuta huyo mtu mpaka anazikwa. Leandro alipokuwa analia, nani alimbeba?

Beto: Mimi nilikuwa kazini.

Nusu Shahada: Na ukirudi?

Beto: Nimechoka. Mama ndiye alimbeba.

Nusu Shahada: Si umeona? Amerudi kubebwa. Hebu niambie, kwa siku anafungua friji mara ngapi?

Beto: Weee, hata sihesabu. Anafungua, anasimama, anaangalia, anafunga.

Nusu Shahada: Basi lile si friji. Lina mwanga, lina maziwa, ukilifungua halikuulizi kitu. Lile ni mama.

Kobe: Langu halina maziwa. Lina bia tu.

Nusu Shahada: Wewe ulilelewa na mjomba, inajulikana.

Kobe akarudisha kibuyu, akajifuta midomo taratibu. Tukajua hotuba inakuja, kila mtu akajiegemeza.

Kobe: Mimi nimeshika meno ya watu miaka arobaini. Nawaambieni, mtu hakui kwa umri, anakua kwa meno. Hana jino hata moja, ana raha, anacheka na kila mtu. Anaota ya utoto, anaanza kung'ata, hapo ndipo uongo unapoanza. Yanang'oka, anapata pengo na aibu. Yanakuja ya ukubwani, anajiona yeye ndiye yeye. Halafu linachomoza gego la mwisho kule nyuma, linamtesa, akili inamruka, anaoa.

Mimi: Na baadaye?

Kobe: Baadaye anakuja kwangu. Namtengenezea mapya, anayavua jioni, anayatumbukiza kwenye glasi. Tabia yake yote iko humo, ndani ya maji. Asubuhi anaivaa tena. Nimewahi kuchanganya seti za mabwana wawili. Mpole akaondoka anatukana, na yule mkorofi akaniandikia barua ya shukrani.

Nusu Shahada: Fiksi hizo!

Kobe: Barua ninayo nyumbani. Leandro ana meno mangapi?

Beto: Mbona mnanizingua? Nitajuaje?

Kobe: Baba gani wewe.

Nusu Shahada: Achana na meno. Tatizo ni kwamba hatua zote zimesogezwa mbele. Zamani balehe ilianza miaka kumi na mitatu. Siku hizi inaanza ukipewa talaka. Leandro ana balehe! Analala sofani, anasikiliza muziki, hasemi, anatunza mmea wake. Ubongo wa mwanaume unakomaa miaka hamsini, nilisoma mimi.

Kobe: Ulisoma wapi, nawe uliacha mwaka wa pili?

Nusu Shahada: Ilikuwa ya mwaka wa pili.

Kobe: Na ukishakomaa hiyo hamsini?

Nusu Shahada: Hamsini na moja unaanza kurudi nyuma. Sitini una kumi na tano, unanunua pikipiki. Sabini una saba, unanuna. Tisini ndiyo kwanza umezaliwa. Kwa hiyo pale nyumbani kwa Beto hakuna mtu mzima hata mmoja. Ni chekechea ile, tena haina mwalimu.

Walinigeukia mimi, wakitaka na wangu. Nikawaambia mimi ni mtu wa vitasa, najua hatua tatu tu za maisha: aliyepoteza ufunguo, aliyemnyang'anya mwenzake ufunguo, na anayelia ufunguo umepotea huku ameushika mkononi. Wakasema sina kina. Sawa. Lakini nilikuwa nimeshamtazama Beto usoni, na ule haukuwa uso wa mtu aliyekerwa na sofa. Nimewafungia vitasa watu wengi wenye hasira. Mwenye hasira hukusimamia mlangoni akuhimize. Huyu alikuwa amekaa, analivunjavunja kona boksi la kitasa kwa ukucha.

Mimi: Beto, tuache utani. Kijana amekukosea nini hasa?

Beto: Hajanikosea kitu.

Mimi: Sasa?

Beto: Jumapili... Mtacheka.

Nusu Shahada: Hatucheki.

Tulikuwa tumeshaanza.

Beto: Jumapili mama amekaanga milanesa, zile nyama zake bapa za chenga za mkate. Kila Jumapili toka nizaliwe, mama ananikatia ya kwangu vipande vipande, ananiwekea na limau pembeni. Hajawahi kuruka. Nilipooa, alikata. Nilipopata kazi ya ukaguzi bandarini, nimevaa tai, alikata. Jumapili hii amekata... akampa Leandro. Akamwambia, "Kula, Beto."

Kobe akasahau kunyonya mrija.

Beto: Mimi nimekaa pale pale mezani. Nina nyama nzima mbele yangu, nina kisu. Akaniangalia mimi kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Nusu Shahada akanyanyuka, akapiga makofi. Macho yalikuwa yanamng'aa kama mtu aliyepewa ile shahada papo hapo.

Nusu Shahada: Miaka mitatu! Ana miaka mitatu! Mtoto wa kwanza kaletewa mdogo wake, titi limechukuliwa, jina limechukuliwa! Anataka mdogo wake arudishwe hospitali! Jamani, hii ni ya kitabuni kabisa!

Kobe: Unamfungia nje mwanao kwa sababu ya milanesa?

Beto: Si milanesa!

Nusu Shahada: Si milanesa, ni titi.

Beto: Nyamaza wewe na matiti yako! Ni mama yangu! Nina mmoja tu!

Aliyasema kwa sauti ya juu mpaka mwenye duka la mboga akatoka nje. Nilimwonea huruma, kusema kweli, na wakati huo huo nilitaka kucheka, na nikaona haya kwa yote mawili. Saa saba ilikuwa imeshapita. Nikachukua mfuko wangu wa vifaa, maana nilishamkubalia na kazi ni kazi.

Hapo ndipo tulipomwona Doña Pierina. Anakaa jengo la pili tu, lakini alikuwa akija na fimbo yake kwa mwendo wa robo saa, na kandambili. Mguu wa kushoto una soksi nene ya kahawia mpaka gotini, zile za kubana ambazo daktari huwaandikia wenye miguu inayovimba. Mguu wa kulia uko wazi, umevimba. Soksi yake ya pili ameishika mkononi. Kobe alimpisha benchini. Akaketi pembeni ya boksi, akaligonga kwa fimbo.

Doña Pierina: Hiki cha nani?

Nikaona nijibu mimi, maana duka ni langu.

Mimi: Cha mlango wako, bibi.

Doña Pierina: Kilichopo kimeharibika?

Mimi: Hapana, bibi. Kizima.

Akamgeukia mwanawe. Hakuuliza sababu. Nadhani aliisoma usoni pake kama alivyomsoma kwa miaka sitini na tisa.

Doña Pierina: Leandro aliitwa kazini mapema leo. Alinivalisha mmoja tu, simu ikalia. Sasa mkimfungia mlango, kesho asubuhi nani atanivalisha hizi?

Beto: Kwani... ni Leandro anayekuvalisha?

Doña Pierina: Toka mwezi wa saba. Saa kumi na mbili na nusu, mguu ukiwa haujavimba. Ananisugua na mafuta kwanza.

Beto: Mbona hukuniambia mimi?

Doña Pierina: Ulikuwa umelala, mwanangu.

Alisema bila ukali wowote. Beto akatazama chini. Halafu akauliza lile lililomkaa kooni tangu Jumapili, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa makamo yake.

Beto: Mama, Jumapili kwa nini ulimwita Leandro Beto?

Doña Pierina: Nani? Mimi?

Akafikiri kweli kweli, midomo inacheza. Hakukumbuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona ameogopa kidogo.

Doña Pierina: Mkitafuna mnafanana nyie.

Beto akaichukua ile soksi, akapiga magoti hapo kando ya barabara. Akaingiza vidole vya mama, akavuta. Ikakwama kisiginoni. Akavuta tena, bibi akauma meno. Nusu Shahada akasema apishwe, yeye anajua mambo ya mwili. Ikakwama. Kobe akajaribu na vidole vyake vya fundi, taratibu, taratibu zaidi, ikakwama palepale. Nami niliyefungua milango ya nusu ya mtaa huu nilishindwa na kisigino.

Doña Pierina: Leandro huigeuza kwanza nje ndani. Sijui anafanyaje baada ya hapo.

Nusu Shahada akarudi kuketi, amelowa jasho, akajitafutia njia ya kutokea.

Nusu Shahada: Hili suala lote ni zito, Beto. Mama, mwana, mjukuu, vizazi vitatu. Lisiamuliwe kienyeji. Ninachoshauri, tungoje Machi, wenyewe warudi.

Doña Pierina: Na mguu wangu nao ungoje Machi?

Kobe akaitikisa themosi, maji yalikuwa yamekwisha. Beto akanirudishia boksi la kitasa bila kunitazama. Halafu akaketi chini pale pale, akaupakata ule mguu wa mama yake uliovimba usigusane na lami ya moto, soksi iko begani, akawa anaangalia kona ambayo Leandro hutokea saa nane.