Ardis Haugen Pruitt, Aliyepima Kila Risasi Mara Mbili

Marehemu Ardis Marie Pruitt, binti wa mzee Nels Haugen na mama Borghild, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1947 katika shamba la ngano la wazazi wake, maili kumi na moja kaskazini ya mji wetu wa Kessler Creek, Montana. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mimi, Lowell, ninayewasomea wasifu huu. Binti yake, Janelle, aliniomba niuandike kwa upole na usizidi ukurasa mmoja. Nimejaribu. Lakini mlimjua dada yangu, na anayesema kwamba kuishi karibu naye kulikuwa kwepesi, huyo alikuwa akimwona kanisani tu.

Alianza masomo mwaka 1953 katika shule ya Coulee Ridge, yenye chumba kimoja na wanafunzi kumi na wanne. Alipokuwa darasa la sita alipewa zawadi ya kwanza ya hesabu. Alipofika nyumbani akazijumlisha alama zake upya, akakuta mwalimu amemzidishia tatu. Kesho yake akairudisha zawadi. Mama alikasirika sana.

"Sasa umepata nini?" mama alimuuliza.

"Nimepata ya pili, mama."

Alihitimu sekondari Mei 1965 akaenda chuo cha Bozeman kusomea kemia. Hakumaliza. Desemba 1966 baba alianguka kutoka juu ya ghala akavunjika nyonga, na Ardis akarudi nyumbani kusaidia. Hilo hakuwahi kulilalamikia hata siku moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mwaka 1967 aliajiriwa kwenye maabara ya ghala la nafaka la mji, akafanya kazi humo miaka thelathini na sita, hadi alipostaafu mwaka 2003. Kila lori la ngano lililoingia, yeye ndiye aliyechota sampuli na kupima unyevu. Wengi wenu hapa mmerudishwa naye getini. Nami pia. Agosti 1983 nilifika na lori limejaa, na wingu la mvua ya mawe likiwa limesimama nyuma yangu.

"Unyevu umezidi. Irudishe," aliniambia dirishani.

"Ardis, ni mimi."

"Nakuona."

"Si umezidi kidogo tu?"

"Ngano haijui kama wewe ni mdogo wangu, Lowell. Geuza lori, watu wako foleni."

Tarehe 20 Juni 1970, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Wendell Pruitt, dereva wa greda la kaunti. Wendell alikuwa mcheshi, mkarimu, na mtu asiyeweza kukumbuka kufunga kifuniko cha kitu chochote. Walijaliwa mtoto mmoja, Janelle, mwaka 1973. Wendell alipenda kulenga shabaha za mbali, na kama wengi wa huku alijaza risasi zake mwenyewe: ganda lililokwisha kupigwa, fataki mpya kwenye kitako, baruti ndani, kisha kichwa cha risasi juu. Alifanya kazi hiyo huku akisikiliza mpira redioni na kupiga soga na yeyote aliyepita.

Oktoba 1978 alikuwa na mabati mawili ya baruti mezani, yote wazi, moja ya kuwaka haraka na moja ya kuwaka polepole. Akakosea, akarudisha masazo ya baruti moja kwenye bati la nyingine. Jumamosi iliyofuata bunduki ilipasuka usoni mwake kule kwenye machimbo ya kokoto. Alipona, lakini jicho la kulia halikurudi.

Sote tulijua Ardis angefanya nini. Mama alimwambia pale pale hospitali auze kila kitu kabla Wendell hajarudi nyumbani.

"Bunduki haikukosa, mama," alijibu. "Meza ndiyo iliyokosa."

Akaichukua meza. Baruti yote yenye shaka aliitawanya bustanini, kidogo kidogo, mbali na nyumba. Wendell alipotoka hospitali alikuta kabati jipya lenye kufuli na karatasi ya sheria ukutani. Bati liwe moja tu mezani. Redio izimwe, mlango ufungwe. Kitabu cha vipimo cha watengenezaji kiwe wazi mbele ya macho, hata kama unakijua kwa moyo. Alianza na kipimo cha chini kabisa kitabuni, akapanda kwa hatua ndogo, na baada ya kila mpigo alilitazama ganda chini ya taa. Fataki ikiwa bapa kuliko kawaida au komeo la bunduki likigoma kufunguka, alijua nguvu imezidi, akaacha na kurudi chini. Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: leo baruti, mwezi ujao kichwa, baadaye urefu wa risasi nzima. Wendell alimwomba abadilishe viwili kwa pamoja ili wamalize kabla hawajazeeka. Alikataa. Ukibadilisha viwili, alisema, hutajua ni kipi kimekujibu.

Kazi ambayo Wendell aliimaliza kwa jioni moja, Ardis aliimaliza kwa miaka minne. Lakini ilipofika 1986 alikuwa akilenga shabaha za yadi elfu moja, mwanamke pekee kwenye mstari, na Wendell amelala ubavuni mwake, jicho lake moja kwenye darubini, akimsomea upepo. Matundu kumi ya Ardis kwa umbali huo ungeyafunika kwa sahani ya pai. Wanaume waliokuwa wakiuliza kama amekuja kuwapikia kahawa waliacha kuuliza.

Sasa nifike mahali ambapo Janelle ameniomba nipite haraka.

Nilikuwa na bunduki ya aina ile ile kama yake, kutoka kiwanda kile kile, duka lile lile. Kwa miaka mitano nilimwomba kipimo chake cha baruti.

"Kipimo hicho ni cha bunduki yangu," alisema.

"Ni pacha wake, dada."

"Mimi na wewe ni tumbo moja. Viatu vyangu vinakuenea?"

Sikukuu ya Shukrani ya 1991, wengine wakiosha vyombo, nilifungua daftari lake la vipimo nikanakili. Nilijaza risasi themanini na nne. Ya kwanza ilitoa kishindo ambacho bado nakisikia, na komeo likagoma mpaka nikaligonga kwa kipande cha mti. Fataki ilikuwa bapa kama sarafu na kitako cha ganda kimepata alama inayong'aa. Sikupiga ya pili. Lakini zile nyingine nazo sikuzitupa, kwa sababu mimi ni Haugen na Haugen hatupi kitu.

Siku kumi baadaye Ardis alikuja kurudisha sufuria ya mke wangu, Bev, akaliona lile ganda la kwanza, nililokuwa nimeliacha dirishani. Alikwenda kwake, akarudi na nyundo yake ya kung'olea vichwa vya risasi, akakaa mezani kwetu. Alizifumua zote themanini na tatu, moja moja, kuanzia chakula cha mchana hadi giza lilipoingia. Bev alimpa kahawa. Alimshukuru Bev. Mimi hakunitazama. Alipomaliza ya mwisho ndipo akasema:

"Chumba cha risasi cha bunduki yako ni finyu kuliko changu. Kwa unene wa unywele tu, lakini kwa kipimo hicho unywele unatosha kukuua. Ungeniuliza, ningekuambia."

"Nimekuuliza miaka mitano."

"Umeniomba kipimo. Hujawahi kuniuliza kitu."

Hakuzungumza nami hadi Pasaka. Salamu zilikuja kupitia Wendell, ambaye alizifurahia sana.

Wendell alifariki kwa ugonjwa wa moyo Februari 2012. Mei 2014 madaktari walimwambia Ardis kwamba mikono yake inatetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson. Aliendelea kujaza risasi mpaka siku baruti ilipomwagika kutoka kijikoni mara tatu mfululizo. Hapo alifunga kabati. Oktoba 2016 alinipigia simu.

"Nahitaji mikono," alisema.

"Ya nani?"

"Yako. Nimewafikiria wengine wote kwanza."

"Na?"

"Wanakaa mbali."

Alitaka kushindana mara moja zaidi kwenye yadi elfu moja, Agosti iliyofuata, na alitaka risasi sitini ambazo angeweza kuziamini. Nilikuwa na miaka sitini na sita. Nimelima ekari elfu mbili, nimelea watoto watatu, nami nikakalishwa kwenye kigoda kama mwanafunzi. Ardis alikaa nyuma yangu, mikono ameikalia ili isimsumbue, macho kwenye mzani.

"Punguza," alikuwa akisema.

"Ni chembe moja, dada."

"Basi haitakuwa kazi kubwa kuitoa."

Tulikwenda hivyo majira yote ya baridi. Machi 2017 nilifunga risasi ya sitini. Niliporudi nyumbani jioni hiyo nilikumbuka kwamba siku moja, yeye akiwa ameenda kujilaza kidogo, Bev alinipigia simu kuhusu ndama, nami nikapokea katikati ya kazi. Sikuwa na hakika niliendelea kutoka wapi. Ningeweza kunyamaza. Bev aliniambia ninyamaze. Asubuhi nilikwenda nikamwambia.

"Ipi?" aliuliza.

"Kwenye thelathini hivi. Labda arobaini."

"Zifumue."

"Hizo kumi?"

"Zote."

Nilimwambia mambo ambayo hayafai kusomwa kanisani. Nilimwambia kwamba hata ng'ombe wangu wana huruma kuliko yeye. Nikaondoka bila koti, na nyuzijoto zilikuwa chini ya sifuri. Kesho yake nilirudi, kwanza kwa sababu ya koti. Alikuwa ameshaiweka nyundo mezani. Nikafumua zote sitini, nikapima baruti ya kila moja, na kila moja ilikuwa sawasawa. Sitini kwa sitini.

"Unaona?" nilimwambia. "Hakukuwa na tatizo lolote."

"Jana tulikuwa tunadhani," alisema. "Leo tunajua. Anza tena."

Mashindano yalifanyika Jumamosi tarehe 12 Agosti 2017. Ardis aliweka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, akasubiri mikono itulie, na katika kile kituo kidogo kati ya mtetemo na mtetemo akafyatua. Mimi nilikuwa kwenye darubini badala ya Wendell. Alikuwa wa kumi na sita kati ya arobaini na mmoja. Nilipoenda kuchukua karatasi ya shabaha nilitamani kuitupa kwenye mfereji. Matundu yalikuwa yametawanyika kutoka kushoto hadi kulia kama kuku waliovamiwa na mbwa.

"Ni mimi niliyekosea upepo," nilimwambia.

"Najua. Nilikuona."

Kisha akaweka kidole juu ya karatasi, kikitetemeka, akakipitisha kwenye matundu yote kumi. Yalikuwa yamekaa kwenye mstari mmoja, na kimo chake hakikuzidi kiganja.

"Kushoto na kulia ni upepo," alisema. "Juu na chini ni meza. Tazama hapa. Hakuna juu wala chini."

Hayo ndiyo maneno matamu pekee aliyowahi kuniambia kuhusu kazi yangu yoyote. Nilimwomba ayarudie. Alikataa.

Msimu wa baridi wa 2018 aliniambia nilete bunduki yangu mwenyewe. Tulianza na kipimo cha chini kabisa kitabuni na tulikuwa tumefika hatua ya nne, alipoanguka bafuni Juni mwaka huu. Hakuweza kurudi nyumbani. Aliishi miezi minne katika nyumba ya wazee, ambako wauguzi walijifunza kuhesabu vidonge mbele yake, kwa sauti. Siku yake ya mwisho aliniambia saa ya ukutani inakimbia dakika nne. Nilimwambia apumzike. Akaniambia tena. Nikapanda juu ya kiti nikairekebisha. Alifariki Jumanne tarehe 22 Oktoba 2019, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Janelle na mimi tukiwa kando yake. Muda huo mnaweza kuuamini.

Marehemu ameacha binti, Janelle, wa Spokane, mjukuu mmoja, Corinne, mdogo wake, Lowell, na wifi yake, Bev, wapwa watatu, na paka ambaye hakuna hata mmoja wetu anayemtaka. Alitanguliwa na wazazi wake na mume wake, Wendell.

Tangazo moja. Tangu Jumanne watu watatu wameniuliza Ardis alikuwa akitumia kipimo gani. Mmoja aliuliza akiwa jikoni kwangu, bado ameshika bakuli la chakula cha matanga alilotuletea. Jibu ni hapana. Madaftari yake kumi na tisa yamefungiwa kabatini, na ufunguo ninao mimi. Anayetaka kujua aje kwangu Jumamosi na bunduki yake mwenyewe na kitabu cha vipimo. Aache simu kwenye gari. Tutaanzia chini.

Mungu ampumzishe Ardis mahali penye utulivu, na ampe subira kila aliyepangiwa kukaa karibu naye.